Tawi la Makerere lililokufa mapema

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, Makambako hujaa mabegi. Vijana kutoka Njombe, Ludewa na Makete wanafika hapo njia panda, mmoja anasubiri basi la Mbeya, mwingine la Dodoma, mwingine la Dar. Kabla hata hawajaonja wali wa chuo, wengi wameshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa kwao: mchango wa msiba, chumba cha kupanga, mtu wa kukupokea stendi. Nimeandika habari za makundi haya mara kadhaa, na kila mara nawaza kundi moja la zamani ambalo hatulizungumzi vya kutosha.

Mwaka 1943 Julius Nyerere alifika Makerere, Kampala, akitokea shule ya Tabora. Tanganyika haikuwa na chuo kikuu (kilikuja Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU pale Lumumba), na Makerere yenyewe bado haikuwa chuo kikuu kamili. Watanganyika pale walikuwa wachache. Wakafanya anachofanya kila mgeni: Nyerere na wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, wakaanzisha chama chao, Tanganyika African Welfare Association. Kazi yake iko kwenye jina. Ustawi, yaani kusaidiana.

Ila nyumbani kulikuwa na chama kikubwa zaidi, African Association, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1929 na kina Cecil Matola na Kleist Sykes. Kilikuwa na tawi Makerere, lakini tawi lenyewe lilikuwa hoi. Basi wale vijana wakakiacha chama chao kife, wakaenda kulifufua tawi. Simulizi nyingi za maisha ya Nyerere hupita hapa kwa sentensi moja. Mimi hapa ndipo napenda kusimama.

Mtu anaweza kuuliza, sasa faida iko wapi? Kwa shida za kila siku, chama cha ustawi kingetosha kabisa: mko wachache, mnajuana, mkichanga mnaona hela imekwenda wapi. Tawi lilikuwa linawafunga na watu wasiowafahamu, karani wa Dodoma, mwalimu wa Mwanza. Na lilikuwa linawapa jina moja, Waafrika.

Jina hilo halikuwa dogo. Ukitoka Makambako kwenda Iringa unaiacha Malangali pembeni ya barabara kuu. Mwaka 1928 Mwingereza W. B. Mumford alianzisha pale shule ya aina yake: vijana wasome, lakini wavae kienyeji, wacheze ngoma za kwao, na wazee wa kimila wawepo shuleni. Inawezekana nia ilikuwa njema. Lakini ilikaa vizuri mno na utawala uliopitia kwa machifu, ambao ulimtaka Mbena abaki Mbena na Mhehe abaki Mhehe. Kati ya Malangali ya Mumford na lile tawi la Makerere kuna ubishi ambao hadi leo haujaisha.

Tusitie chumvi, lakini. Uhuru haukuzaliwa Makerere. Nyerere aliondoka 1945, na kufikia 1947 tawi lilikuwa limeshazimika tena. Yeye alikwenda kufundisha St Mary's, Tabora, akaendelea na chama hichohicho kwenye tawi la pale. Mwaka 1948 kikawa Tanganyika African Association, 1953 akawa rais wake, na Julai 1954 kikageuzwa kuwa TANU. Kama wangebaki na chama chao cha wanafunzi, angerudi nyumbani na kumbukumbu tu. Tawi likifa, chama kipo.

Makundi ya vijana wetu siyalaumu. Msiba ni msiba, na nauli ya kusafirisha mwili hadi Ludewa haichangwi na historia. Ila huwa nawauliza viongozi wao: nje ya watu wa kwenu, mnashirikiana na nani? Jibu ninalopata mara nyingi ni bonanza la mpira dhidi ya vijana wa Iringa.