Kutoka Tumbawe Mfu hadi Sahani: Siguatera na Hatua Zinazorukwa

Katika mijadala ya uhifadhi wa pwani imezoeleka hoja moja: matumbawe yakifa, samaki huwa na sumu. Wahamasishaji wanaipenda kwa sababu inamgusa mlaji jikoni kwake. Makala haya yanaipinga. Si uongo mtupu, lakini inaruka hatua za katikati, na hizo ndizo zinazoweza kupimwa.

Kuhusu ugonjwa wenyewe hakuna ubishi mkubwa. Siguatera humpata aliyekula samaki wa miambani mwenye siguatoksini. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na haiondoki kwa kupikwa, kukaushwa wala kugandishwa. Mgonjwa hutapika na kuharisha, kisha hufa ganzi midomoni na vidoleni, na mara nyingi hisia zake za joto na baridi huvurugika, hata maji baridi yakamuunguza mkono. Chanzo ni dinoflajelati wa jenasi Gambierdiscus, wanaoishi juu ya mwani. Huliwa na samaki wala mwani, na hao nao huliwa na chewa, mkunga na mzia.

Ubishi unaanzia mwaka 1958, John Randall alipopendekeza kwamba kiumbe chenye sumu ni miongoni mwa wale wanaotangulia kuota kwenye uso mpya, mwamba unapovunjwa na dhoruba au na binadamu. Mwaka 1989 Tilman Ruff aliipeleka hoja hiyo mbele zaidi katika jarida la Lancet, akiihusisha milipuko ya siguatera katika Pasifiki na shughuli za kijeshi, zikiwemo za Ufaransa katika visiwa vya Hao na Moruroa. Tangu hapo nadharia ya Randall imekuwa ikinukuliwa kana kwamba imeshathibitishwa, na maneno aliyoyatoa kwa tahadhari yamegeuzwa kanuni.

Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ni wa visiwa vya Gambier vya Polynesia ya Ufaransa, kwa kuwa ndiko kiumbe hiki kilikotambuliwa. Wagonjwa walipoongezeka huko mwishoni mwa miaka ya 1960, Raymond Bagnis wa Taasisi ya Louis Malardé ya Tahiti na Takeshi Yasumoto wa Japani waliifuatilia sumu kwa kurudi nyuma, kutoka kwa samaki kwenda kwenye chakula chake. Walimchunguza kangaja wa aina ya Ctenochaetus striatus. Kangaja huyu haumi mwani. Meno yake membamba husugua uso wa mwamba na kuzoa vumbi laini lililotuama juu ya mwani mfupi. Utumbo wake ulikuwa na sumu, hivyo watafiti nao wakalikwangua vumbi lile lile kutoka juu ya matumbawe yaliyokufa, wakalichuja na kulipima. Sumu ilikuwemo, pamoja na chembe bapa za mviringo, mfano wa sahani. Taarifa ilitoka mwaka 1977. Mwaka 1979 Adachi na Fukuyo wakakipa kiumbe hicho jina la Gambierdiscus toxicus.

Kisa hiki husomwa kama ushindi wa Randall. Mimi nakisoma vingine. Tumbawe mfu lilikuwa sakafu tu. Juu yake ilibidi uote mwani unaofaa, dinoflajelati watue juu ya mwani huo, na awepo samaki wa kuwasugua. Tena lazima wawe dinoflajelati wa aina yenye sumu kali. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuna spishi moja tu. Leo zinajulikana nyingi, na baadhi, kama Gambierdiscus polynesiensis iliyoelezwa mwaka 1999, hutoa sumu nyingi kuliko nyingine kwa kiasi kikubwa. Mwamba uliojaa spishi dhaifu unaweza usimdhuru yeyote.

Bahari yetu inaleta fumbo. Joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi Kenya, Mafia na Misali huko Pemba. Jean-Pascal Quod na wenzake waliripoti ongezeko la Gambierdiscus juu ya matumbawe mafu ya Mayotte. Lakini maandiko ya kitaaluma hayaonyeshi wimbi la wagonjwa kati ya Lamu na Mtwara. Kinyume chake, Réunion iliorodhesha wagonjwa 477 kati ya 1986 na 1994, kabla ya joto lile kufika. Anayeamini kwamba kifo cha matumbawe pekee ndicho kinacholeta sumu hana budi kueleza yote mawili.

Jibu rahisi ni kwamba Réunion ina utaratibu wa kuandikisha, ilhali zahanati zetu huandika “sumu ya chakula” na mambo yakaishia hapo. Nalikubali, ila halitoshi. Naona pia kwamba baruti na makokoro yalishawamaliza chewa wakubwa, hivyo mnyororo ukakatika juu kabla sumu haijalimbikizana. Nitaambiwa kwamba Polynesia watu huugua hata kwa kula kangaja na pono. Ni kweli, lakini dozi kubwa zaidi kwa kawaida hukaa kwa samaki wawindaji. Hata kazi ya Teina Rongo na Robert van Woesik kule Rarotonga katika Visiwa vya Cook, inayohusisha ugonjwa na vimbunga, ilibidi iwahesabu samaki wala mwani pamoja na hali ya mwamba.

Msiba wa Kisiwa Panza huko Pemba wa Machi 2024, ulioua watoto wanane na mtu mzima mmoja waliokula nyama ya kasa, usiingizwe humu kama ushahidi. Sumu ya kasa ni suala jingine. Msiba huo unachotufundisha ni kwamba zahanati ya kisiwani ndiyo inayopata habari mwanzo, kabla ya maabara yoyote.

Matumbawe ya Bahari ya Hindi ya Magharibi yalipauka tena mwaka 2024, na mwani huota juu ya yanayokufa. Kama ninavyodai, hatari itapanda zaidi pale hifadhi zinapofanikiwa kurudisha chewa wakubwa kwenye mwamba uliokwisha kufa kuliko pale palipovuliwa hadi pakabaki patupu. Dai hili linapimika: matumbo ya kangaja wa Misali na wa mwamba wa Tutia huko Mafia yakusanywe kila msimu kwa miaka mitano, spishi zitambuliwe kwa vinasaba badala ya kuhesabiwa chembe tu, na kila mgonjwa aliyekula samaki aulizwe kama maji baridi yanamuunguza, na jibu lake liandikwe daftarini pamoja na jina la samaki na mahali alipovuliwa.