Nusukaputi kwa Mifugo Huathiri Maji na Chumvichumvi za Mwili

Takribani asilimia 60 ya uzito wa mnyama mzima ni maji, na theluthi mbili ya maji hayo imo ndani ya seli. Humo potasiamu ndiyo nyingi; nje ya seli, ikiwemo katika damu, hutawala sodiamu. Moyo hupiga kwa kutegemea mgawanyo huo, nazo dawa za nusukaputi huweza kuuvuruga.

Dawa za kuvuta kwa pumzi, kama aisoflureni, hutanua mishipa ya damu. Shinikizo la damu hushuka, figo hupata damu kidogo na mkojo hupungua. Ndiyo sababu mnyama huwekewa dripu, ingawa nayo ina mpaka wake. Miongozo ya kitaalamu iliyotolewa Marekani mwaka 2013 ilipendekeza kuanza na mililita 5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa kwa mbwa na 3 kwa paka, badala ya 10 zilizozoeleka awali, kwa kuwa maji yakizidi huweza kujaa mapafuni.

Zailazini, inayotumika sana kwa ng'ombe na mbuzi, huenda kinyume. Hupunguza utoaji wa insulini, hivyo sukari hupanda katika damu. Pia hudhoofisha homoni inayohifadhi maji, na mnyama hukojoa kwa wingi. Ng'ombe huhitaji takribani sehemu moja tu ya kumi ya kipimo cha farasi kwa kila kilo, hivyo kukisia dozi ni hatari.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mbuzi au kondoo dume aliyezibwa mkojo na vijiwe, hasa aliyehasiwa mapema na kulishwa nafaka nyingi. Mkojo usipotoka, potasiamu huweza kulimbikizana katika damu hadi kusimamisha moyo. Kumpa zailazini mnyama huyo ni kuongeza mkojo katika kibofu kinachokaribia kupasuka. Inapobidi, daktari hukipunguza kibofu kwanza na kutoa kalsiamu ili kuulinda moyo.

Ng'ombe ana jambo lake la pekee: mate. Hutoa zaidi ya lita 100 kwa siku, yenye sodiamu na bikaboneti, ambayo kwa kawaida huyameza. Akiwa usingizini humwagika, na upasuaji ukirefuka damu huweza kuelekea kwenye asidi.

Kabla ya sindano, mfugaji anapaswa kumweleza daktari wa mifugo iwapo mnyama ameharisha, alikunywa maji lini, na lini alionekana akikojoa kwa mara ya mwisho.