Hukumu ya Thabeet na historia ya takwimu za kikapu

Kila mwezi Juni, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, inapofanya drafti, yaani uteuzi ambao timu hupeana zamu za kuchagua wachezaji chipukizi, jina la Hasheem Thabeet huibuliwa upya na kuingizwa katika orodha za wachezaji walioteuliwa juu kuliko walivyostahili. Mtanzania huyo, wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa na Memphis Grizzlies Juni 25, 2009 akiwa wa pili, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Ushahidi unaotolewa dhidi yake ni wastani wa michezo 224: pointi 2.2, ribaundi 2.7 na bloku 0.8 kwa kila mchezo. Hukumu hiyo imetoka kwenye karatasi za takwimu, na karatasi hizo zina historia inayostahili kufahamika kabla ya kukubali kila zinachosema.

James Naismith alipobuni mchezo huu huko Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, kitu pekee kilichohesabiwa kilikuwa mpira uliotumbukia kikapuni, na mchezo wa kwanza uliisha kwa bao moja kwa bila. NBA ilianza kuandika ribaundi, yaani kuudaka mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, katika msimu wa 1950-51. Bloku, yaani kuuzuia mtupo wa mpinzani ukiwa hewani, zilianza kuhesabiwa rasmi msimu wa 1973-74, pamoja na mipira ya kunyang'anya. Mipira inayopotezwa ikafuata mwaka 1977, na mstari wa pointi tatu mwaka 1979. Kwa sababu hiyo Bill Russell, aliyeipa Boston Celtics ubingwa mara 11 kwa ustadi wa ulinzi, hana hata bloku moja katika kumbukumbu rasmi za ligi, ilhali Elmore Smith wa Los Angeles Lakers anashikilia rekodi ya bloku 17 katika mchezo mmoja, aliyoiweka Oktoba 1973, wiki chache tu baada ya kuhesabu kuanza.

Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987 na kukua hadi kufikia urefu wa mita 2.21, ni mchezaji ambaye asingeonekana kabisa katika karatasi za zamani, kwa kuwa kipaji chake kikubwa kilikuwa hicho cha kuzuia. Alianza kikapu akiwa kijana wa sekondari, akaenda kumalizia masomo ya shule mjini Houston, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako kwa misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2009, alizuia mitupo 417. Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alimaliza mchezo akiwa na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10, yaani tarakimu mbili katika vipengele vitatu kwa mpigo.

Siku 16 baadaye, siku aliyotimiza miaka 22, ulichezwa mchezo ambao wakosoaji wake hawajausahau. Connecticut, iliyokuwa ya kwanza katika orodha ya ubora ya vyuo vya Marekani, iliikaribisha Pittsburgh mjini Hartford, na chini ya kikapu Thabeet alipambana na DeJuan Blair, kijana aliyemzidi kwa unene na nguvu lakini aliyekuwa mfupi kuliko yeye kwa takriban sentimita 20. Mapema katika mchezo, wawili hao wakigombea ribaundi, mikono yao ilinasana, na Blair akamnyanyua Mtanzania huyo, akampitisha juu ya bega lake na kumbwaga sakafuni. Thabeet aliinuka na kuendelea kucheza, lakini tangu hapo eneo la chini ya kikapu lilitawaliwa na mpinzani wake. Pittsburgh ilishinda kwa pointi 76 kwa 68, ikiwa mara yake ya kwanza kuifunga timu iliyoshika nafasi ya kwanza nchini humo. Karatasi ya takwimu ilisomeka kwa Blair pointi 22 na ribaundi 23, na kwa Thabeet pointi 5 na ribaundi 4.

Mwezi uliofuata, wasimamizi wa ligi ya Big East, iliyovikutanisha vyuo hivyo viwili, waliwagawia wachezaji hao wawili tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Ilipofika drafti ya Juni, hata hivyo, Thabeet aliitwa wa pili na Blair wa 37, kwa kuwa magoti ya Blair yalizitia timu wasiwasi na kimo cha Thabeet kilizipa matumaini. Ni wazi basi kwamba hata Wamarekani, waliokuwa na karatasi zote mezani, hawakukubaliana kuhusu maana ya tarakimu zilezile, na si haki mzigo wa mkanganyiko huo kuachiwa kijana aliyechaguliwa, ambaye hakujichagua mwenyewe.

Msimu wake wa kwanza Memphis unaonyesha jinsi wastani unavyoweza kuficha jambo. Alipata bloku 1.3 kwa mchezo, idadi inayoonekana ndogo mpaka inapokumbukwa kwamba alikuwa uwanjani dakika 13 tu kati ya 48. Dwight Howard, aliyeongoza ligi kwa bloku msimu huo, alikuwa na wastani wa 2.8, lakini alicheza karibu dakika 35. Ukigawa kwa dakika, Thabeet alizuia mitupo mingi zaidi. Hesabu hiyo haimfanyi kuwa bora kuliko Howard, kwa kuwa makocha walikuwa na sababu za kumweka benchi, lakini inaonyesha kuwa tarakimu moja isiyoambatana na nyingine haitoshi kumhukumu mtu. Baadaye alipitia Houston, Portland na Oklahoma City, akaondoka NBA mwaka 2014, na miaka iliyofuata akacheza Japani na Taiwan.

Wakazi wa Ganako na wilaya nzima ya Karatu, mkoani Arusha, wana sababu ya kulijali suala hili la takwimu, kwa kuwa wilaya yao ndiko alikozaliwa mwanariadha Filbert Bayi, ambaye Februari 1974 mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia. Muda huo ulipimwa na kuandikwa, ndiyo maana nusu karne baadaye hakuna anayeweza kuubishia. Mchezaji wa kikapu wa shule hana kinga hiyo. Karatasi ya alama ya shirikisho la dunia, FIBA, inayojazwa kwa mkono mezani, ina mstari wa mshazari kwa kikapu cha pointi mbili, nukta nzito kwa mtupo huru, duara kuzunguka namba ya mchezaji kwa pointi tatu, na herufi P kwa kila dhambi la kawaida. Haina nafasi ya ribaundi, asisti (pasi inayozaa kikapu) wala bloku. Binti wa sekondari anayezuia mitupo sita katika mashindano ya shule za sekondari Tanzania, UMISSETA, huondoka uwanjani bila alama hata moja ya kazi hiyo kubaki kwenye maandishi.

Uzembe huu hauna kisingizio cha umaskini. Karatasi ya pili yenye majina ya wachezaji na safu tatu za ziada, kalamu moja, na wanafunzi wawili waliofundishwa kutofautisha bloku na dhambi, vinatosha kuanzia, na walimu wa michezo pamoja na maofisa utamaduni na michezo wa halmashauri wanao uwezo wa kuliagiza jambo hilo msimu ujao. Tangu mwaka 2021 Afrika ina ligi yake ya kulipwa, BAL, iliyozinduliwa Kigali, na kila mchezo wake huandikiwa takwimu kamili, kwa hiyo vijana wa Tanzania watakaoitamani watapimwa kwa tarakimu wapende wasipende. Nchi isiyoandika takwimu za watoto wake itaendelea kuwafahamu kupitia hukumu za wageni, kama ilivyomfahamu Thabeet, na itakosa hoja ya kuwatetea.