Bodaboda ya umeme ina tofauti gani na ya petroli?

Buteba ni jirani na mpaka wa Busia, mashariki mwa Uganda, lilikozaliwa neno bodaboda: miaka ya 1960 waendesha baiskeli walivusha abiria baina ya vituo vya mpakani.

Pikipiki ya petroli hujazwa kwa dakika chache, karibu popote. Ya umeme huhitaji kituo cha kuchaji au kubadilisha betri, na nje ya miji mikubwa vituo hivyo ni haba. Lakini petroli yote ya Uganda huagizwa, nyingi kupitia Busia na Malaba; Januari 2022, malori yalipokwama hapo kutokana na mvutano wa vipimo vya Uviko-19, bei ilipanda vikali. Umeme, unaotoka zaidi Mto Nile, hausubiri forodha.

Kinachogharimu zaidi ni betri, ndiyo maana baadhi ya kampuni humuuzia dereva pikipiki na kumkodisha betri.