Emmanuel Amunike: Winga Aliyegeuka Kocha
Emmanuel Amunike wa Nigeria, Mwanasoka Bora wa Afrika 1994, alikabidhiwa timu yetu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, mwaka 2018. Machi 24, 2019 iliichapa Uganda 3–0 Dar es Salaam, ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Wapo wanaosema Uganda ilikuwa imeshafuzu, na kwamba kwenye fainali hizo kule Misri tulifungwa mechi zote tatu. Ni kweli. Lakini ualimu wa Amunike haukuegemea sifa za uchezaji: mwaka 2015 vijana wake wa Nigeria walitwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Mkataba wake na Tanzania ulivunjwa Julai 2019, mapema mno.