Neno 'School' na Jamaa Zake katika Kiswahili

Mzazi wa Matwebe, katika Wilaya ya Rungwe, humhimiza mwanawe aende shule. Mzazi wa Unguja humhimiza wake aende skuli. Mashariki ya Kongo utasikia mtoto amekwenda masomo. Jambo ni lile lile, nalo Waingereza huliita 'school'. Tumeona yafaa kulichungua neno hili, kwa sababu wafasiri wetu hulikuta kila siku, na baadhi yao hulitwika neno shule mizigo isiyo yake.

Asili yake ni Kiyunani, skholē, yaani wasaa wa mtu asiyebanwa na kazi. Wenye wasaa huo waliutumia kwa mazungumzo ya elimu. Maana ikahamia kwenye mazungumzo yenyewe, kisha kwenye mahali pa kufundishia. (Mwanafunzi anayeamka alfajiri kwenda kufyeka uwanja atashangaa kusikia kwamba shule ni mapumziko.) Warumi walisema schola, na kutoka kwao Wajerumani wakapata Schule na Waingereza 'school'.

Kwetu lilipita milango miwili. Bara lilikuja na Wajerumani. Huko Rungwe wamisionari wa Moravian na wa Berlin, wote kutoka Ujerumani, walifika mwaka 1891, na serikali ya kikoloni nayo ilifungua shule Tanga katika miaka ya 1890. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Tukuyu, na utawala wao ukadumu hadi 1961; lakini neno shule halikung'oka. Unguja, iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, ilishika skuli. Maneno yote mawili ni Kiswahili safi, na hatuoni faida ya kuliua moja ili jingine lipate kuishi.

Hata hivyo, kabla ya wageni hao pwani haikuwa na upungufu wa maneno. Lilikuwapo chuo, lenye maana ya kitabu na pia mahali pa kusomea Kurani. Ndiko alikotoka mwanachuoni. Lilikuwapo madhehebu pia, na hili ndilo linalotuhusu zaidi. Pale Mwingereza anaposema 'school' ya Shafii, Mswahili amesema tangu zamani madhehebu ya Shafii, yaani njia ya wanazuoni wanaomfuata mwalimu mmoja. Leo, hasa bara, neno hilo limebanwa hata likawa la makanisa na misikiti tu: ukitaja madhehebu Rungwe, msikilizaji atawafikiria Wamoravian na Walutheri. Kwa hiyo mfasiri wa kitabu cha uchumi au falsafa hukwama, akaandika 'shule ya mawazo'. Msomaji hutafuta madawati asiyaone. Mkondo wa fikra hueleweka mara moja.

Kosa la samaki ni kubwa zaidi. 'School' ya samaki si neno hili hata kidogo: imetokana na schole ya Kiholanzi cha kale, yaani kundi, na kufanana kwa tahajia ni bahati tu. Wavuvi wa usipa katika Ziwa Nyasa, kule Kyela, husema kundi. Anayeandika 'shule ya samaki' amefasiri herufi.

Wakati huo huo shule imezaa maana zake yenyewe. Husemwa fulani hana shule, yaani hana elimu, ingawa jengo limo kijijini kwake. Na aliyeeleweshwa jambo husema amepewa shule. Maana hizi ni za wasemaji wenyewe, na kamusi zinapaswa kuzipokea.

Liko tatizo moja la ngazi za juu. Katika masikio ya mzazi wetu wa Matwebe shule ni ya watoto, na mtu mzima huenda chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipohitaji jina la 'school' iliyo ndani ya chuo, kiliongeza sifa kikapata Shule Kuu, kama vile Shule Kuu ya Sheria, kwa mfano wa chuo kikuu. Twaliunga mkono jina hilo, mradi lisifupishwe. Kwani likikatwa kuu, profesa atarudishwa darasa la kwanza.