Samaki wa Mzima: kila mmoja na mdomo wake

Ukifungua mfereji mjini Mombasa, huenda yatokayo ni maji ya Mzima. Chemchemi hizo zimo katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua ya vilima vya Chyulu hupenya mawe ya volkano na kutokea huko chini ikiwa maangavu kabisa. Sehemu huletwa Pwani kwa bomba. Yanayobaki huingia mto Tsavo, kisha Galana, mpaka Sabaki na bahari ya Malindi.

Kwa kuwa maji ni maangavu, waliopiga picha chini yake wameona vizuri jinsi samaki wa aina mbalimbali wanavyoishi mahali padogo bila kumalizana. Anayewalisha ni kiboko. Usiku hula nyasi nchi kavu, mchana hushinda majini na kuacha kinyesi humo.

Samaki wa jamii ya Labeo ana mdomo uliogeukia chini na midomo minene ya kukwangua. Hukwangua mwani kwenye mawe, na ngozi ya kiboko pia, kwake ni jiwe tu. Utumbo wake ni mrefu na umejiviringa, maana mwani hausagiki upesi. Mwenzake mwenye ndevu fupi pembeni mwa mdomo huzitumia kupapasa: hupekua kinyesi na kusafisha nyufa za nyayo za kiboko. Jamaa wadogo wa perege, wenye mwili bapa wa ubavuni na mdomo mdogo, hudonoa nywele za mkia. Kambare hachagui, kichwa chake kipana na ndevu ndefu humtosha hata gizani kwenye tope.

Ni kama Kongowea: muuza nazi hagombani na muuza muhogo. Chakula kikiwa tele mipaka hulegea, wote wakala kilekile. Kikipungua, umbo la mdomo ndilo huamua nani anabaki na cha kula.

Ukame ukimaliza nyasi, viboko hufa kwa njaa ingawa maji yapo. Hapo mpekuaji wa kinyesi huumia kwanza. Mkwanguaji bado ana mawe yake.

Kwa miaka mingi Pwani imeahidiwa bomba la pili kutoka Mzima. Kiu yetu ni ya kweli. Lakini wanaopiga hesabu za mita za maji wahesabu pia kina kitakachobaki kijitoni, kwani kiboko asiyeweza kuzama mchana hatakaa hapo, na samaki hawawezi kumfuata.